Kung'atuka na Kung'olewa

Jumamosi jioni ya Oktoba 29, 1966, watoto wa Uingereza waliokuwa mbele ya televisheni walimwona mzee wao akianguka. Mzee huyo, mwenye nywele nyeupe zilizofika shingoni, alirudi kwa shida katika chombo chake cha kusafiria, kisha akalala sakafuni. Mwanga ukamfunika uso. Ulipopungua, pale pale alipolala palikuwa na mtu mwingine, mwenye nywele nyeusi na umri mdogo kuliko wa yule wa kwanza. Hakuna aliyeeleza kilichotokea. Majina ya waigizaji yakapita, muziki ukapigwa, kipindi kikaisha.

Yule mzee alikuwa Daktari, mhusika mkuu wa Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ambayo BBC ilianza kuirusha Novemba 23, 1963. Daktari si binadamu, ingawa anafanana nasi. Anasafiri katika wakati na anga kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha simu za polisi na kwa ndani ni kikubwa kuliko kilivyo kwa nje. Jina lake halisi ni siri. Tangu jioni ile, mwigizaji akiondoka, mwili wa Daktari hubadilika, tabia hubadilika, kumbukumbu hubaki. Nitaliita jambo hilo kuhuika.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Dar es Salaam, na swali linalonishughulisha ni la kawaida kwa watu wa fani yangu: kitu kinawezaje kuishi kuliko watu waliokianzisha? Wenzangu hulitafuta jibu katika vyama vya siasa, madhehebu ya dini na vyama vya ushirika. Nami mchana hufanya hivyo hivyo. Usiku, tangu mwenzangu wa bwenini aliponipa diski iliyojaa misimu ya tamthilia hii, nimekuwa nikiifuata kwenye kompyuta, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoiona kuwa ni taasisi kama taasisi nyingine: ina waasisi, warithi, waliofukuzwa, na nyaraka zilizopotea.

Kiswahili cha Tanzania kina neno linalonisaidia kuisoma. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, neno lililoshika midomoni mwa watu lilikuwa kung'atuka, ambalo asili yake ni Kizanaki, lugha ya kwao. Aliyeng'atuka ameondoka kwa hiari yake, angali na nguvu za kukaa. Jirani wa neno hilo ni kung'olewa, na hapo kuna mkono wa mtu mwingine. Katika Doctor Who, hadithi husema jambo moja kuhusu namna Daktari alivyoondoka, na historia ya kipindi husema jingine. Mara nyingi hayo mawili hayakubaliani hata kidogo.

Tuanze na yule mzee. William Hartnell alikuwa na miaka 55 alipoanza kazi hiyo. Kabla ya hapo watu walimfahamu kwa kuigiza masajini wakali wa jeshi na wahalifu. Waliomzunguka walikuwa vijana. Sydney Newman, Mkanada aliyeongoza idara ya tamthilia ya BBC, alimkabidhi utayarishaji Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27. Mwongozaji wa sehemu za mwanzo alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa India, wa miaka 24. Muziki aliutunga Ron Grainer wa Australia, lakini aliyeugeuza kuwa ule mlio wa ajabu unaotambulika hadi leo ni Delia Derbyshire, aliyekata na kuunganisha vipande vya utepe kimoja kimoja. Siku moja kabla ya kipindi kuanza, Rais Kennedy aliuawa kule Marekani. Wiki iliyofuata BBC iliirudia sehemu ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili.

Kazi ilikuwa ya kuchosha. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 42, wa pili 39, wa tatu 45, kila sehemu ikiwa na dakika zipatazo 25. Walifanya mazoezi wiki nzima, kisha wakarekodi karibu kwa mfululizo, mithili ya mchezo wa jukwaani. Mwaka 1964 Carole Ann Ford, aliyeigiza mjukuu wa Daktari, aliondoka. Mwaka 1965 wakaondoka William Russell na Jacqueline Hill, wale walimu wawili waliosafiri naye tangu siku ya kwanza. Mwaka huo huo Lambert naye akaenda zake. Kufikia 1966, mbele ya kamera, Hartnell ndiye pekee aliyesalia katika waliokuwepo mwanzoni.

Na alikuwa mgonjwa. Mishipa yake ya damu ilikuwa inakakamaa, na ugonjwa huo uligusa kumbukumbu. Maneno yakaanza kumponyoka. Mtayarishaji aliyemfuata Lambert, John Wiles, hakupatana naye. Wiles na mhariri wake wa miswada walitaka kumwondoa mapema, katika hadithi iitwayo The Celestial Toymaker: Daktari angefanywa asionekane, kisha angerudi akiwa na sura ya mwigizaji mwingine. Wakubwa wao hawakukubali. Wiles ndiye aliyetangulia kuondoka. Lakini wazo lilikwisha kuzaliwa, na mrithi wake, Innes Lloyd, akalikamilisha.

Hadithi ya mwisho ya Hartnell iliitwa The Tenth Planet. Waliiandika Kit Pedler na Gerry Davis. Pedler alikuwa mwanasayansi wa tiba, na alikuwa na hofu moja: kwamba binadamu angebadilisha viungo vyake kwa vya bandia, kimoja baada ya kingine, hadi siku moja asiwe mtu tena. Hofu hiyo ikazaa Cybermen, viumbe waliokuwa watu kama sisi, wakaanza kubadilisha miili yao ili wasife, wakaishia kuondoa hata hisia. Hawana huzuni wala huruma. Wanashangaa kwamba mtu anaweza kumlilia mwenzake.

Nimeiangalia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama hapo hapo. Kipindi kilichokuwa kinajiandaa kumbadilisha mwigizaji wake mgonjwa kiliweka, ndani ya hadithi ile ile, onyo kuhusu wanaobadilisha viungo ili wadumu. Ziko njia mbili za kukwepa kifo. Ya kwanza ni ya Cybermen: badilisha kipande kwa kipande, usisimame, na moyo ukikusumbua uung'oe pia. Ya pili ni ya Daktari: kubali kuanguka, poteza mwili wote kwa mara moja, ili kile kilicho ndani kibaki. Kila taasisi huapa kwamba imechagua ya pili. Sisi Watanzania tuliwahi kuambiwa habari za kujivua gamba, na tuliotazama tulijua pa kutazama: siyo kwenye gamba, bali kwenye nyoka.

Wiki ya kurekodi sehemu ya tatu, Hartnell aliugua na hakufika. Mistari yake ikagawiwa wenzake, na mtu mwingine akaigiza kuanguka kwa Daktari. Hadithi ikaendelea bila yeye. Sidhani kama kuna njia ya wazi zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba kipindi kinaweza kwenda bila yeye. Alirudi kwa sehemu ya nne, akalala sakafuni. Badiliko lenyewe lilifanywa na Shirley Coward, fundi wa kuchanganya picha, aliyegundua kuwa hitilafu katika meza yake ya mitambo ingeweza kutoa mwanga wa kuyeyusha uso mmoja uingie katika mwingine. Ndani ya hadithi, mwili wa Daktari ulikuwa umechakaa tu, kama nguo. Nje ya hadithi, mzee aling'olewa.

Novemba 5, 1966, hadithi mpya ikaanza, The Power of the Daleks, na Patrick Troughton akakabiliwa na tatizo ambalo kila mrithi analijua: kuaminiwa. Wasafiri wenzake, Ben na Polly, wanamtazama mtu huyu mdogo anayepiga filimbi na kukwepa maswali. Polly anaelekea kuamini. Ben anakataa. Daktari hatoi cheti wala ufafanuzi. Anayemaliza ubishi ni Dalek, adui wa tangu Desemba 1963, ambaye anamtazama mgeni na kumtambua. Waandishi walielewa jambo ambalo baadhi ya wanasiasa hawalielewi: mrithi hathibitishwi na hotuba ya aliyemtangulia. Huthibitishwa pale adui wa nyumba ile anapomwogopa kama alivyomwogopa baba mwenye nyumba.

Troughton alikaa miaka mitatu akaondoka kwa hiari. Baadaye alimshauri Peter Davison, Daktari wa tano, naye asizidishe miaka mitatu. Huko ndiko kung'atuka. Lakini angalia hadithi inavyosema. Katika The War Games, mwaka 1969, Daktari anakamatwa na watu wa jamii yake mwenyewe, anafikishwa mbele ya mahakama, na kubadilishwa sura kuwa adhabu, huku akipinga hadi mwisho. Hartnell aling'olewa, hadithi ikasema ni uzee. Troughton aling'atuka, hadithi ikasema ni hukumu. Jina la jambo lenyewe lilipatikana mwaka 1974, miaka minane baada ya Hartnell, Jon Pertwee alipompisha Tom Baker. Hadithi ile ilimfanya Daktari afe kwa kuikabili hofu yake. Katika maisha, Pertwee alikuwa amempoteza rafiki na mwigizaji mwenzake, Roger Delgado, aliyekufa katika ajali ya gari mwaka 1973, na mtayarishaji Barry Letts pamoja na mhariri Terrance Dicks nao walikuwa wanafunga mizigo. Nyumba ilikuwa inahamwa, naye akahama.

Hapo pana badiliko la pili, lile ambalo halina mwanga wala muziki. Kati ya 1963 na 1989, Daktari alikuwa na nyuso saba. Nyuma yake walipita watayarishaji tisa. Mtazamaji wa kawaida hakuwajua, na hakuna aliyeandikiwa tukio la kufa.

Lakini mikono hiyo ndiyo iliyoamua ladha ya chungu. Tom Baker alimwigiza Daktari kwa misimu saba, 1974 hadi 1981, muda mrefu kuliko mwingine yeyote, chini ya watayarishaji wanne. Uso ulikuwa mmoja, skafu ilikuwa moja, lakini vipindi havikuwa vimoja. Chini ya Philip Hinchcliffe hadithi zilikuwa za kutisha, za makaburi na maiti zinazoamka. Mary Whitehouse, mwanaharakati wa maadili katika televisheni, alizilalamikia, hasa picha ya mwaka 1976 ya kichwa cha Daktari kikizamishwa majini. Hinchcliffe akahamishiwa kipindi kingine. Graham Williams akaja na maagizo ya kupunguza ukatili, na mizaha ikachukua nafasi ya hofu. Mtoto aliyelala mwaka 1976 na kuamka mwaka 1979 angemtambua Daktari, lakini asingekitambua kipindi.

Kisha akaja John Nathan-Turner, mwaka 1980, na mambo yakageuka: sasa mkono ulikuwa mmoja na nyuso nne. Alimpokea Tom Baker akiwa njiani kuondoka, akamchagua Davison, akamchagua Colin Baker, akamchagua Sylvester McCoy. Mwaka 1985 uongozi wa BBC ulikisimamisha kipindi kwa miezi 18. Kiliporudi mwaka 1986, msimu mzima wa sehemu 14 ulikuwa hadithi moja ya Daktari akiwa kizimbani, na kila mtazamaji alijua mshtakiwa halisi ni nani. Hukumu ilitoka baada ya msimu kwisha. Kipindi kingeendelea, lakini Colin Baker aondoke. Nathan-Turner, ambaye mwenyewe alitaka kwenda, akatakiwa abaki.

Hapa ndipo ninapoona bei ya mfumo huu. Kwa kuwa uso unaweza kubadilishwa, uso ndio unaolipa. Kuhuika, uvumbuzi uliobuniwa ili kipindi kisife na mwigizaji wake, ukawa njia rahisi ya kuonekana umefanya mageuzi. Colin Baker alikataa kurudi kwa hadithi ya kuagia, na mimi namwelewa. Basi Septemba 1987, msimu mpya ulipoanza, McCoy akavalishwa nguo za mwenzake na wigi la nywele za njano zenye mawimbi, akalazwa sakafuni, akageuzwa, na mwanga ukafanya kazi ya kuficha. Mrithi aliigiza hata kifo cha aliyemtangulia. Miaka miwili baadaye, Desemba 6, 1989, kipindi kilikoma, bila mwanga na bila mrithi. Filamu moja ya televisheni iliyopigwa Kanada mwaka 1996, Paul McGann akiwa Daktari, haikuzaa kitu cha kudumu.

Kama ningekuwa naandika kuhusu chama au kampuni, hapo ningefunga jalada. Lakini warithi walikuwepo tayari. Ni vile tu hawakuwa ndani ya jengo. Walikuwa sebuleni, mbele ya televisheni. Mwaka 1974 kijana wa Glasgow aitwaye Peter Capaldi aliandikia jarida la Radio Times kukisifu kipindi, na barua yake ikachapishwa. Mwaka 1986 kijana wa miaka 16, Chris Chibnall, alikwenda katika kipindi kingine cha BBC akawaambia waandishi wa Doctor Who usoni kwamba kazi yao ilikuwa imechoka. David Tennant alitamani kuwa mwigizaji tangu utotoni kwa sababu ya tamthilia hii. Russell T Davies aliandika riwaya ya Daktari mwaka 1996. Steven Moffat aliandika mchezo wa vichekesho kuhusu Daktari mwaka 1999, kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani. Kipindi kilikuwa kimekufa na watoto wake walikuwa wanakiandika.

Machi 26, 2005, kikarudi, kikitengenezwa Wales, chini ya Davies. Hapo likaja badiliko jingine, la kimfumo. Zamani mtayarishaji alishika fedha na ratiba, mhariri wa miswada akashika maneno. Sasa, kwa mtindo uliotoka Marekani, mtu mmoja alishika vyote: mwandishi mkuu ambaye pia ndiye msemaji wa mwisho wa kipindi. Jina lake likajulikana na watazamaji, akasifiwa kwa jina na kutukanwa kwa jina. Ule mkono uliokuwa gizani ukatolewa nje.

Na kung'olewa kukaonekana waziwazi zaidi. Siku nne tu baada ya sehemu ya kwanza, ilitangazwa kwamba Christopher Eccleston, Daktari wa tisa, hatarudi kwa msimu wa pili. BBC ilimnukuu kwa maneno ambayo hakuyasema, na baadaye ikalazimika kukiri hivyo. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba uhusiano wake na wakubwa wake kazini ulikuwa umevunjika. Ndani ya hadithi, mwezi Juni 2005, Daktari wake alikufa akimwokoa msichana anayempenda, akitabasamu.

Tennant na Davies waliondoka pamoja, na Januari 1, 2010 ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Moffat na Matt Smith, aliyechaguliwa akiwa na miaka 26, wakaanza pamoja Aprili ya mwaka huo. Capaldi, yule wa barua ya 1974, alikuwa Daktari kuanzia 2013, na aliondoka pamoja na Moffat Krismasi ya 2017. Chibnall, yule kijana wa 1986, alichukua usukani akiwa na Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuwa Daktari mkuu wa kipindi, na wakaondoka pamoja mwaka 2022. Katika miaka hiyo uso na mkono vilianza kufa siku moja. Kila mwanzo ukawa mwanzo kweli, lakini kila mwisho nao ukawa mwisho kweli, kwani hakubaki mtu jikoni wa kuonyesha chumvi iliwekwa wapi.

Krismasi ile ya 2017, Moffat alifanya jambo ambalo kwangu ni tendo la heshima. Alimrudisha Daktari wa kwanza, akiigizwa na David Bradley, kwa kuwa Hartnell alikwisha kufariki mwaka 1975. Anamweka katika saa zile zile za mwisho za 1966, katika theluji, akikataa kubadilika. Anakutana na Daktari wa Capaldi, naye anakataa kubadilika. Miaka 51 baada ya mzee kulazwa sakafuni bila kuulizwa, kipindi kilimpa nafasi ya kusema hapana, kisha kikamwacha aseme ndiyo kwa hiari yake. Hadithi ilimrudishia kung'atuka ambako historia ilimnyima. Haimlipi Hartnell chochote. Lakini ni nadra taasisi kurudi kwenye tendo lake la kwanza la dhuluma na kulitazama.

Mrithi aliyenigusa karibu zaidi ni Ncuti Gatwa. Alizaliwa Rwanda mwaka 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Scotland. Jo Martin alikuwa ametangulia mwaka 2020 kuigiza Daktari mweusi aliyefichwa katika maisha ya nyuma. Gatwa akawa wa kwanza kushika kipindi kizima, kuanzia Desemba 2023, baada ya Davies kurudi. Tangu 2005 Daktari ameandikwa kama mtu aliyenusurika vita vilivyoangamiza watu wake. Waigizaji kadhaa walizibeba sentensi hizo, na walizibeba vizuri. Lakini mimi nimetokea Ngara. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo, na hadi leo akisimulia hasemi juu ya idadi. Anasema juu ya ukimya, kwamba watu wengi namna ile walikuwa wakitembea na barabara ilikuwa kimya. Gatwa akisema, kama Daktari, kwamba watu wake wameuawa, maneno ni yale yale yaliyosemwa na waliomtangulia, yameandikwa na mkono ule ule wa Davies. Uzito wake si ule ule. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kubadilisha mwigizaji si kubadilisha nguo tu. Kila mwili unaoingia unakuja na historia yake, na sentensi ya zamani inaikuta humo.

Mei 31, 2025, Gatwa naye aliondoka, na aliyetokea katika mwanga alikuwa Billie Piper, ambaye mwaka 2005 alikuwa Rose, yule msichana aliyeokolewa. Safari hii majina ya waigizaji yalimtambulisha yeye bila kutaja ni nani anayemwigiza. Kwa mara ya kwanza uso ulikuja bila cheo.

Watu huuliza kama hii ni njia ya Daktari au ya Cybermen: kuanguka na kuinuka, au kubadilisha vipuri ili mashine isizimike. Jibu langu nimelipata mahali ambapo mwanahistoria hupaswa kulitafuta, yaani kwenye nyaraka. BBC ilifuta tepu nyingi za miaka ya 1960 na kuchoma au kutupa nakala za filamu, hadi mwaka 1978 ilipoanza kuacha. Sehemu ya nne ya The Tenth Planet, ile ya Oktoba 29, 1966, haipo. Taasisi iliyobuni njia ya kutokufa haikuhifadhi siku iliyoibuni. Sekunde chache za uso wa Hartnell ukiyeyuka zimesalia kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kilizikopa mwaka 1973. Sauti ya sehemu yote imesalia kwa sababu watazamaji, wakiwa nyumbani kwao, waliirekodi kutoka kwenye televisheni. Na mwaka 2013 BBC ilitangaza kupatikana kwa sehemu tisa zilizopotea za Troughton. Zilikuwa katika kituo cha kurushia matangazo cha Jos, Nigeria, kwenye rafu, miongo kadhaa baada ya kupelekwa Afrika kuonyeshwa, zikiwa bado zinaonekana.